Kalamu ya karani ni amana: tusiidharau kozi ya hesabu na uhazili



Kila mwanzo wa mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Waislamu wa Mpanda, kuanzia Kashaulili na Makanyagio hadi Inyonga, Majimoto na Karema, hukaa kikao cha familia. Kijana aliyepata daraja la kwanza au la pili hazungumziwi sana, kwani njia yake inajulikana. Anayeumiza vichwa ni yule wa daraja la nne. Akiwa wa kiume, anaambiwa afuate wenzake kwenye mashimo ya dhahabu au akaendeshe bodaboda. Akiwa wa kike, mara nyingi kikao humalizika kwa kutajiwa mchumba.

Sisi hatuna neno na bodaboda, wala hatuna neno na ndoa, ambayo ni sunna tukufu. Tunalolilalamikia ni kwamba katika vikao hivyo njia moja haitajwi kabisa, au ikitajwa huchekwa: kozi ya utunzaji wa hesabu na kazi za ofisi. Wazee husema, “Mtoto akasome ukarani?” Neno hilo hutamkwa kana kwamba ukarani ni aibu. Wiki hii tunaomba tulitazame upya.

Tuanze na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo inahusu kuandika deni. Humo Waumini wanaamrishwa kuandika deni la muda maalumu, mwandishi anatakiwa aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika, mdaiwa ndiye anayesema, naye mwandishi aandike, mashahidi wawepo, watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa, na mwandishi asidhuriwe kwa kazi yake. Mambo yote hayo ni kazi ya karani. Katika Sura ya 12, Nabii Yusuf (a.s.) aliomba asimamie hazina za nchi, na sifa mbili alizozitaja ni uhifadhi na ujuzi. Katika zama za Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) ziliwekwa daftari za diwani ili kila mwenye haki katika hazina ya Waislamu ajulikane na apewe fungu lake. Na kwa wanaodhani kwamba kalamu ni ya wanaume peke yao, wakumbuke kuwa Ash-Shifaa bint Abdillah (r.a.) ndiye aliyemfundisha Mama wa Waumini Hafsa (r.a.) kuandika.

Basi tujiulize: je, amri hiyo ya kuandika inatekelezwa katika maduka yetu ya Mpanda? Mfanyabiashara wa mchele au wa vitambaa huuza, hukopesha na kukopa, na hesabu zote zimo kichwani mwake. Siku Mwenyezi Mungu anapomchukua, daftari hilo huzikwa pamoja naye. Kabla tanga halijaanuliwa, wadai wamekwisha kufika mlangoni, nao wadaiwa wamenyamaza. Sura ya 4 imeweka bayana kwamba mirathi hugawanywa baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Litalipwaje deni lisiloandikwa? Mjane hajui ni nani mkweli. Ndugu wa marehemu wanamtuhumu mjane, mjane anawatuhumu wao, na mayatima wanakula hasara ya pande zote mbili. Ugomvi wa mirathi unaofikishwa kwa masheikh na mahakamani mara nyingi hauna asili katika uchoyo. Asili yake ni daftari ambalo halikuwepo.

Tutazame na zaka. Mwenye duka anapaswa, mwaka wa Kiislamu unapotimia, kuthamini bidhaa zake kwa bei ya soko, kuongeza fedha taslimu na madeni anayotarajia kulipwa, kisha kutoa madeni anayodaiwa ambayo wakati wake umefika. Tuchukue mfano: bidhaa za shilingi milioni 18, fedha taslimu milioni 4, madeni anayowadai watu milioni 5, na anadaiwa milioni 3. Mali ya kutolewa zaka ni milioni 24. Ikiwa imefikia nisabu, asilimia mbili na nusu yake ni shilingi 600,000. Asiye na hesabu hukisia, akatoa laki mbili, akalala usingizi mzuri. Laki nne zilizobaki ni haki ya fakiri, nazo zimo ndani ya duka lake pasipo yeye kujua.

Hata katika dunia hii hasara ipo. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka hulipa kodi ya shilingi 100,000 ikiwa hatunzi kumbukumbu. Akitunza, hulipa asilimia 3 ya mauzo yanayozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na ana daftari atalipa shilingi 30,000. Jirani yake aliyeuza kiasi hicho hicho bila ya daftari atalipa laki moja. Viwango hubadilishwa kwa sheria, hivyo ni vyema kuuliza ofisi ya TRA vilivyopo sasa. Lakini funzo lake liko wazi: kutoandika kuna gharama.

Hapo ndipo tunaporudi kwa kijana wetu wa daraja la nne. Ujuzi anaochekwa akitaka kuusomea ndio ujuzi unaokosekana katika nyumba zetu, misikiti yetu na vyama vyetu. Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Rukwa, una halmashauri, shule, zahanati, vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, mashine za kukoboa mpunga, wachimbaji wadogo na wasafirishaji. Tangu mwaka 2017, hata zahanati na shule za msingi zimeingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa kuandika mapato na matumizi ya kituo. Mkulima wa tumbaku hukopeshwa mbolea msimu unapoanza na kukatwa siku ya malipo. Karani wa chama akikosea tarakimu moja, jasho la mwaka mzima limepotea. Kila mahali hapo panahitajika mtu anayejua stakabadhi ni nini, vocha hutengenezwaje na leja hufungwaje.

Katika kozi hizi kijana hufundishwa nini? Upande wa hesabu hujifunza daftari la fedha taslimu, leja, urari, hesabu ya faida na hasara, mizania, na kulinganisha daftari lake na taarifa ya benki. Upande wa uhazili hujifunza kuchapa kwa kompyuta, kuandika barua rasmi na mihutasari ya vikao, kutunza majalada ya masjala, kupokea wageni na, juu ya yote, kutunza siri. Siku hizi pande hizo mbili hukutana kwenye kompyuta, na kijana anayezijua zote mbili hutafutwa zaidi kuliko anayejua moja.

Njia za kuyapata mafunzo hayo ni zaidi ya moja. Mpanda kuna chuo cha VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ni vyema mzazi afike hapo mwenyewe aulize kozi zinazofundishwa mwaka huo. Tabora kuna tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Chuo cha Uhazili. Kutoka Mpanda hufikika kwa barabara ya Inyonga na Sikonge, au kwa garimoshi la kupitia Kaliua. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina matawi Kigoma na Mbeya. Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965, kina kampasi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Atakayependa kupanda ngazi baadaye, mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa mwaka 1972, ina hatua za kuanzia kwa watunza hesabu wa kawaida hadi kufikia uhasibu kamili. Hivyo ukarani ni kizingiti cha nyumba ambayo ndani yake mna vyumba vingi.

Kabla ya kulipa ada, wazazi wazingatie mambo manne.

La kwanza ni sifa za kujiunga. Astashahada ya awali huhitaji ufaulu wa masomo manne katika mtihani wa kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Tunalisisitiza hili kwa sababu linawahusu hasa watoto wetu. Mwenye ufaulu wa masomo manne, moja likiwa Elimu ya Dini ya Kiislamu, kwa hesabu ya chuo ana matatu. Asilaumiwe wala asiliache somo la dini. Ahimizwe kurudia somo moja, au aanze na kozi fupi ya ufundi stadi ambayo haidai sharti hilo. Ni bora kulijua hilo kabla ya ada kulipwa.

La pili ni usajili. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) ndilo linalosajili vyuo hivi. Kibao kizuri barabarani na sare nadhifu si usajili. Mzazi aombe namba ya usajili wa chuo na wa kozi yenyewe, kisha aihakikishe kwa Baraza. Cheti cha chuo kisichosajiliwa hakimfikishi mtoto popote, na gunia za mpunga zilizouzwa hazirudi.

La tatu ni gharama nzima. Ada ni sehemu tu. Kuna chakula, pango, nauli, karatasi na muda wa kufanya mazoezi kwenye kompyuta. Mzazi mwenye mavuno ya msimu mmoja ayagawe mapema, aombe kulipa kwa awamu, wala asiingie katika mkopo wa riba ili mwanawe asome. Kuanza na kozi ya miezi michache iliyolipiwa yote ni bora kuliko kuanza ya miaka miwili na kuikatiza njiani.

La nne ni malezi, na hasa ya binti. Hofu ya wazazi juu ya binti anayekaa mbali na nyumbani ni hofu ya haki. Lakini dawa yake ni kupanga mambo, na kumkatalia elimu hakumlindi. Atafutiwe jamaa au familia ya Waislamu wanaoaminika, ijulikane analala wapi na anarudi saa ngapi, na mzazi azungumze na uongozi wa chuo juu ya stara yake na nafasi ya kuswali. Binti mwenye ujuzi mikononi haolewi kwa sababu ya njaa ya nyumbani kwao, na akijaaliwa ndoa huingia nayo akiwa msaidizi wa mumewe na mlinzi wa mali ya wanawe.

Lipo swali tunaloulizwa na vijana, nalo ni zito. Karani wa hesabu anaweza kupata ajira katika kampuni inayokopesha kwa riba. Afanye nini? Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (rehma na amani ziwe juu yake) alimlaani mla riba na mwenye kuilisha, pamoja na mwandishi na mashahidi wake. Hatuna ruhusa ya kulilainisha hilo. Lakini hoja hiyo isifanywe sababu ya kuukimbia ujuzi wenyewe, kwani uwanja wa halali ni mpana: maduka, shule, hospitali, vyama vya wakulima, wasafirishaji, ofisi za serikali. Benki ya Amana, inayofuata misingi ya Kiislamu, ilianza kazi nchini mwaka 2011, nayo pia huhitaji wahasibu. Zaidi ya hayo, sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba mkopo huo hutakiwa kiwe na katiba, akaunti na kumbukumbu. Kikundi cha akina mama chenye binti mmoja anayejua kutunza daftari kimekwisha kuvuka nusu ya mto.

Tunamalizia kwa rai kwa kamati za misikiti. Michango ya Ijumaa, sadaka za ujenzi na mapato ya vyumba vya wakfu ni mali ya Mwenyezi Mungu iliyo mikononi mwa wanadamu. Manung'uniko yanayovunja jamaa nyingi huanza pale mweka hazina mwaminifu anaposhindwa kuonesha kwa maandishi kuwa ni mwaminifu. Kila msikiti ungemsomesha kijana mmoja kozi ya utunzaji wa hesabu, kwa sharti kwamba atauandikia msikiti daftari zake na kuzisoma mbele ya waumini kila mwisho wa mwezi, tungepata faida tatu kwa ada moja: kijana mwenye kazi, mweka hazina asiyetuhumiwa, na jamaa inayojua fedha zake zimekwenda wapi.

Na leo, kabla hata ya chuo, kila nyumba inunue daftari moja. Baba na mama waandike humo wanayodai na wanayodaiwa, wayashuhudishe, na wamwoneshe mtoto mkubwa linapowekwa. Mtoto atakayeshika kalamu kwa kazi hiyo ameanza somo lake la kwanza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Wabillahi tawfiq.