Fedha za mzazi zitumwe kwa jina la mzazi



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu kuhusu wananchi wenye watoto Ulaya ambao wangependa kuwachukua wazazi wao wakaishi nao huko. Vijijini maneno ni mengi. Wapo wanaodai kwamba Mzungu hamjui mama mkwe, na kwamba familia kwake ni mume, mke na watoto basi. Hilo si kweli.

Umoja wa Ulaya unayo sheria ya mwaka 2004 inayompa raia wa nchi mwanachama haki ya kuhamia nchi mwanachama nyingine. Sheria hiyo inasema wazi kwamba wazazi wake, pamoja na wazazi wa mumewe au mkewe, ni watu wa familia yake iwapo wanamtegemea, hata wakiwa Watanzania. Viza yao haina malipo. Lakini lazima raia huyo awe amevuka mpaka. Mholanzi ambaye hajatoka kwao Uholanzi hawezi kumwita mama mkwe kwa sheria hii. Akihamia Ubelgiji anaweza. Mimi naona ajabu kwamba mama yule yule awe ndugu upande mmoja wa mpaka na mgeni upande wa pili, ila sheria ndiyo hiyo. Uingereza haimo tena, maana ilijitoa katika Umoja huo mwaka 2020.

Tatizo liko kwenye neno hilo "kumtegemea". Dada yangu ameolewa na Mholanzi na wanaishi Ubelgiji. Kwa miaka sita wamemtunza mama yetu: unga, dawa za presha, mabati ya nyumba, hata ujira wa vibarua wa shamba. Mama hana simu, kwa hiyo fedha zote zilipitia simu yangu, nami nikampelekea mkononi. Ofisi iliyopokea maombi yake ilipotazama karatasi ikasema anayetunzwa ni mimi, mwalimu mwenye mshahara, wala si mama! Maombi yakakataliwa.

Nasema ofisi hiyo haikutenda haki. Mwaka 2007 Mahakama ya Umoja huo, katika shauri la mama mmoja wa Kichina aliyemfuata mwanawe na mkwewe Mjerumani nchini Sweden, iliamua kwamba utegemezi waweza kuthibitishwa kwa njia yoyote inayofaa. Kinachotazamwa ni kama mzazi, huko atokako, anahitaji msaada huo ili apate mahitaji yake ya lazima. Ahadi tupu ya mtoto kwamba atamtunza yaweza kukataliwa. Sasa mama wa kijijini asiye na pensheni ataleta nini zaidi ya barua ya Mtendaji na daftari la duka? Mama zetu hawaandiki stakabadhi wanapopokea unga.

Hata hivyo nawashauri wenzangu wasingoje kukataliwa. Fedha za mzazi zitumwe kwa jina lake mwenyewe, hata ikibidi anunuliwe simu ndogo. Karatasi za hospitali zitunzwe. Watendaji nao wasiandike mistari miwili tu ya kusema "huyu ni mkazi wangu", bali waeleze mzazi ana shamba kiasi gani, anavuna nini, na ni nani humlisha. Wapo watakaosema mzee azeekee kwao. Hilo ni la mzee mwenyewe kuamua. Mama yetu ameamua, na laini yake ya simu tumekwisha kumsajilia.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Makete, Njombe.