MSAMAHA WA KODI YA SOLA USIUACHE DUKANI



Jua linawaka juu ya skimu zote bila kuuliza nani amemaliza deni la shamba na nani hajamaliza. Lakini vyombo vya kulikamata jua hilo havipatikani bure. Vingi vinatoka ng'ambo, vinapita forodhani, vinaingia katika ghala la mfanya biashara, ndipo vinafika kwako. Katika kila kituo mna bei, na katika bei mna kodi. Basi Serikali inaposema kwamba imeondoa kodi juu ya vyombo vya sola, jambo la kwanza la kuuliza ni hili: Je, kodi hiyo imeondoka mpaka katika bei unayolipa wewe, au imeishia njiani?

Shauri letu mwezi huu ni fupi. Msamaha wa kodi umetolewa kwa ajili yako, lakini haukufuati nyumbani wenyewe. Sharti uuulize dukani, uuone katika risiti, na kila mwaka uulinde usiondolewe.

Msamaha huu ni nini?

Kuna kodi mbili za kujua. Ya kwanza ni ushuru wa forodha, unaotozwa mali inapoingia nchini. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, imetoa msamaha kwa vyombo maalum vya nguvu ya jua na ya upepo. Ya pili ni kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo watu wote huiita VAT. Hiyo kwa kawaida ni shilingi 16 kwa kila shilingi mia ya bei.

Hiyo ya pili ndiyo inayomgusa mkulima zaidi, tena ndiyo iliyokuwa ikienda na kurudi. Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT iliondoa msamaha wa sola. Mwaka 2014 msamaha ukarudishwa. Katikati ya mwaka 2020 ukaondolewa tena. Julai 2021 ukarudi mara nyingine, na sheria ikataja vitu vyenyewe: paneli za kupokea jua, vidhibiti vya chaji, inveta, na betri zile zilizotengenezwa kwa kuweka nguvu ya jua. Utaona basi kwamba katika miaka minane mkulima aliyenunua sola alilipa kodi au hakulipa kwa kadiri ya mwezi aliokwenda dukani.

Fikiri hesabu hii. Tuseme paneli, betri na kidhibiti vyote pamoja ni shilingi 50,000 bila kodi. Ukiongeza 16 kwa kila mia, bei inakuwa shilingi 58,000. Shilingi 8,000 si fedha za kuchezea. Kwa bei ya mbolea ya ruzuku ya mwaka 2023, iliyokuwa shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, hiyo ni mifuko mitatu na chenji inabaki.

Jinsi msamaha unavyopotea

Msamaha huu hauji kwa mkono wa karani akikuhesabia noti. Umefichwa ndani ya bei. Mwenye kuleta mali halipi kodi hiyo, na mwenye kuuza hatakiwi kuiongeza. Ikiwa muuzaji ni mtu wa haki, bei inashuka. Ikiwa anaona mteja hajui neno, bei inakaa pale pale, na zile shilingi 8,000 za mfano wetu zinalala mfukoni mwake. Wewe unarudi nyumbani ukifikiri kwamba Serikali imekudanganya.

Tena kuna njia ya pili ya kupoteza. Si kila kitu kinachouzwa katika duka la sola kina msamaha. Televisheni haina. Redio haina. Waya wa kawaida wa nyumba hauna. Muuzaji akikupa vitu vyote katika furushi moja na bei moja, huwezi kujua kodi imekaa wapi. Kwa hiyo mwambie hivi: "Bwana, niandikie kila kitu katika mstari wake na bei yake." Paneli mstari wake. Betri mstari wake. Kidhibiti mstari wake. Pampu, taa na nyaya kadhalika. Kisha uliza kwa kila mstari, kodi ni ngapi?

Usinunue bila risiti ya kweli inayopita katika mtambo wa KRA uitwao eTIMS. Risiti hiyo huonyesha kodi iliyotozwa. Ukiona kodi juu ya paneli na hali sheria ya mwaka huo inasema hapana kodi, usigombane na mtu. Ichukue karatasi yako, nenda ofisi ya KRA iliyo karibu, ukaulize. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti hiyo hiyo ndiyo itakayokusaidia siku betri itakapokufa kabla ya wakati wake na wewe unadai dhamana.

Rahisi huvunja upishi

Wako wakulima wanaokimbia risiti kwa sababu mchuuzi wa sokoni amewapa bei ya chini. Hapo jihadhari sana. Paneli nzuri hukaa juu ya paa miaka 20 na zaidi. Paneli mbovu yaweza kuandikwa namba kubwa nyuma yake na isitoe hata nusu. Tazama alama ya KEBS, na uliza dhamana ni ya miaka mingapi na nani anayeitoa.

Kadhalika usidanganywe na betri ya gari. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa dakika moja, kuamsha injini. Betri ya sola imetengenezwa itoe nguvu kidogo kidogo usiku kucha. Ukiitumia ile ya gari kwa taa na redio kila usiku, itachoka upesi, nawe utanunua nyingine. Tena sheria imesamehe betri iliyotengenezwa kwa kazi ya sola, haikusamehe ile ya gari. Hivyo mwenye kununua betri isiyofaa anakula hasara mara mbili.

Na fundi je? Tangu kanuni za mwaka 2012, kazi ya kufunga sola ni ya fundi mwenye leseni. Leo leseni hiyo hutolewa na EPRA. Mwambie fundi akuonyeshe kabla hajapanda paa. Fundi wa kweli hatakasirika. Msamaha wa shilingi 8,000 hauna faida ikiwa nyaya zimefungwa vibaya na nyumba inaungua.

Hesabu deni kabla ya kulipenda

Wengi wetu hatuwezi kutoa fedha zote siku moja, na makampuni yanauza sola kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Njia hiyo imewasha taa katika nyumba nyingi ambazo zingekaa gizani. Lakini sharti uhesabu mpaka mwisho. Tuseme unatanguliza shilingi 3,000, kisha unalipa shilingi 60 kila siku kwa siku 500. Jumla ni shilingi 33,000. Ikiwa chombo hicho hicho kwa fedha taslimu ni shilingi 22,000, basi umelipa shilingi 11,000 kwa kungojewa. Hapo msamaha wote wa kodi umemezwa na deni, na zaidi.

Wakulima wa skimu wanajua deni ni kitu gani. Tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, wenye mashamba walipokea ardhi pamoja na mkopo wa miaka 30, na wako waliorithi deni pamoja na ng'ombe. Kwa hiyo twasema wazi: usiweke hati ya shamba rehani kwa ajili ya taa. Taa huzimika, hati ikienda haina kurudi kwa urahisi.

Ushirika unaweza zaidi

Kuna njia iliyo bora. Skimu zetu zilianza na vyama vya ushirika, na vingi vimezoea kukusanya maziwa, kununua mbolea kwa pamoja na kukata fedha kidogo kidogo katika malipo ya mwanachama. Njia hiyo hiyo yafaa kwa sola. Wanachama 40 wakiagiza pamoja, katibu anaandika barua moja kwa wauzaji watatu, anataka bei iliyoandikwa mstari kwa mstari, pamoja na kodi ya kila kitu. Muuzaji aliyezoea kuficha mambo kwa mteja mmoja ataogopa kuyaficha mbele ya chama kizima. Fundi anakuja mara moja, anafunga nyumba 40, na anarudi akiitwa kwa sababu chama kinamjua. Fedha zinakatwa katika maziwa, si kwa riba ya mgeni.

Katika kaunti 14 zilizo mbali na nyaya za stima, pamoja na Lamu, Tana River, Kilifi na Kwale, kulipangwa msaada zaidi kwa mradi wa sola uitwao KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliukubali mwaka 2017. Wakulima wa skimu za pwani waulize ofisi ya kaunti kama kuna fungu linalowahusu, wasikae wakingoja kuitwa.

"Stima iko njiani"

Wengine husema, "Mimi nangoja stima." Ngoja kwa akili. Mpango wa kufikisha stima vijijini ulioanza mwaka 2015 ulipunguza ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, lakini kwa wale walio karibu na transfoma, yaani ndani ya mita 600. Ikiwa uko ndani ya kipimo hicho, huenda stima ikawa bora kwa nyumba yako, na sola ukaitumia kwa pampu ya maji. Ikiwa uko mbali, kila mwezi unaongoja ni mwezi wa mafuta ya taa.

Na mafuta nayo yana kodi yake. Mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezwa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili watu wasiyachanganye na dizeli. Mwaka 2023 VAT juu ya petroli, dizeli na mafuta ya taa ilipandishwa kutoka 8 hadi 16 kwa kila mia. Mwenye kuvuta maji kwa pampu ya dizeli alilihisi jambo hilo bila kusoma gazeti. Mafuta yakizidi kutozwa kodi na sola ikisamehewa, mkulima anaonyeshwa njia ya kupita. Ni juu yake kuipita akiwa amefumbua macho.

Neno kwa Serikali, na kwa vyama

Hatuwezi kumaliza bila kusema lililo moyoni. Kodi inajenga barabara na hospitali, na kila msamaha una gharama yake. Hilo twalikubali. Lakini paneli ni kitu cha miaka 20, na msamaha unaokwenda na kurudi haumsaidii mtu kupanga. Mkulima aliyeuza fahali wake Mei 2020 alinunua bila kodi. Jirani yake aliyengoja mavuno, akanunua Agosti mwaka ule ule, alilipa kodi. Kwa uhodari wote wawili ni sawa. Yafaa msamaha ukiwekwa, uwekwe kwa muda uliotajwa, tuseme miaka kumi, ili chama kiweze kupanga na benki iweze kukopesha.

Jambo hili haliko mbali nanyi. Mswada wa Fedha hupelekwa Bungeni kila mwaka kabla ya mwisho wa Aprili, na mabadiliko mengi ya kodi huanza Julai 1. Katiba ya mwaka 2010 inaamuru wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa huita maoni ya watu kabla ya kupiga kura. Mwenye kiwanda huleta wakili wake. Mkulima wa skimu mara nyingi haleti hata barua. Basi mwenyekiti wa chama na atie jambo hili katika ajenda ya mkutano wa Machi. Katibu na aandike ukurasa mmoja tu: tuko wakulima kadhaa, tunatumia sola kwa kazi hii na hii, kodi ikirudi tutapungukiwa na kiasi hiki. Barua yenye hesabu husomwa kuliko malalamiko.

Mpaka siku hiyo, shika haya. Uliza sheria ya mwaka huu kabla hujauza mbuzi. Taka bei mstari kwa mstari. Taka risiti. Taka fundi mwenye leseni. Hesabu deni mpaka shilingi ya mwisho. Na ikiwezekana, nunueni pamoja.