Maembe Yetu Yasiozee Chini ya Miti

Kuna jambo ambalo limenikera tangu Januari.

Anayetoka Makueni kama mimi anaijua Januari. Maembe huiva yote kwa pamoja mpaka mbuzi wanayakataa. Dalali huja na pikapu, anataja bei yake, na ukibisha anawasha gari aende kwa jirani. Mwaka huu baba alibisha. Wiki mbili baadaye tulikuwa tukizoa maembe yaliyooza kwa sepetu, na wiki iyo hiyo nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana.

Rai yangu ni hii: kila boma lenye miembe liwe na kikaushio cha jua, na shule yetu itangulie. Sisemi ile mashine ya umeme, maana hiyo itamaliza tokeni za nyumba nzima. Nasema sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye paa la plastiki angavu na trei za wavu. Upande wa chini liwe na matundu ya kuingiza hewa, na juu matundu ya kutoa mvuke. Haya ya juu ndiyo watu husahau, halafu wanashangaa maembe yanatokota badala ya kukauka! Embe hukatwa vipande vya milimita 6 hivi, vikachovywa katika maji ya ndimu visigeuke rangi. Joto likifika nyuzi 60 na jua lisijifiche, siku mbili tatu zinatosha. Kilo 10 za maembe hutoa kama kilo 1 tu, ndiyo, lakini hiyo moja hukaa miezi mingi ndani ya mkebe uliofungwa vizuri. Haimngojei dalali.

Kuna wanaosema, "Mbona nyanya zetu huanika kunde juani bila sanduku?" Ni kweli, na kunde za nyanya yangu ni tamu si mchezo. Lakini kunde ni majani membamba. Embe ni maji na sukari. Mwezi wa Februari nilianika maembe juu ya gunia. Nzi walifika kabla sijamaliza kukata, kuku wakafuata, na siku ya tatu yakaota ukungu. Nyanya alicheka mpaka akakaa chini.

Ukungu wenyewe si wa kuchezewa. Mwaka wa 2004, mahindi yasiyokauka vizuri yalipata sumu ya aflatoksini huku kwetu Ukambani. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Sanduku langu haliwezi kukausha magunia ya mahindi, najua. Lakini wengi wetu hatujawahi kufunzwa kupima ukavu wa kitu chochote kile.

Wavulana wa darasa letu wanasema hiyo ni kazi ya jikoni. Sawa, lakini nilipoleta vipande vichache vya jirani yetu aliye na kikaushio, ni hao hao waliomaliza.

Nyuma ya karakana kuna mbao za madawati yaliyovunjika. Naomba ruhusa ya kuzitumia, misumari, na mita tatu za plastiki. Na iwe kabla ya kufunga shule Oktoba, kwa sababu Desemba maembe hayatatungoja.