Van Damn ilizimwa injini sisi tukiwa ndani

Kama ulifuatilia Sense8, basi Van Damn unaijua. Ile matatu ya Capheus, kijana wa Nairobi anayeendesha gari kutwa nzima ndio mamake apate dawa za Ukimwi, na anayempenda Jean-Claude Van Damme kuliko hata serikali inavyopenda ushuru. Juni 1, 2017 Netflix ikatangaza safari imeisha. Msimu wa pili ulikuwa umetoka Mei 5, haujamaliza hata mwezi, na hadithi ilikuwa imeachwa pabaya: Wolfgang ametekwa, wenzake wamekusanyika London kumtafuta. Halafu kimya. Manze, hiyo ni kama kushushwa abiria katikati ya Thika Road usiku.

Mashabiki walichemka, hasa wa Brazil. Hashitegi zikajaa, watu wakasaini maombi mtandaoni. Netflix kwanza ikakataa, ikisema inasikitika lakini haiwezi. Kisha Juni 29 Lana Wachowski, mmoja wa waliobuni kipindi hicho, akaandika kwamba kutakuwa na filamu moja ya mwisho. Ikatoka Juni 8, 2018.

Watu wengi husimulia hii kama hadithi ya ushindi. Mimi naona tulipewa mazishi ya heshima. Msimu wa tatu ulienda.

Sababu si siri. Hicho kipindi kilirekodiwa Nairobi, Seoul, Mumbai, Berlin, Mexico City, Reykjavik, na bado sijamaliza. Ripoti za wakati huo zilitaja takriban dola milioni 9 kwa kila sehemu ya msimu wa pili. Mkubwa wa Netflix, Ted Sarandos, alieleza kwamba watazamaji walikuwa na mapenzi makali lakini hawakuwa wengi wa kutosha kulipia gharama hiyo. Soma hapo vizuri. Kelele zako wamezisikia, ila wao wanahesabu vichwa: nani amelipia, nani ameanza kutazama, nani amefika mwisho, na amefika haraka kiasi gani. Shabiki mmoja akipiga kelele mara mia moja bado ni mtu mmoja.

Sasa njoo nyumbani. Msimu wa kwanza ulitoka Juni 2015. Netflix iliingia Kenya Januari 2016. Kwa hivyo wewe uliyeona Kibera kwenye Sense8 ile 2015, uliona wapi? Wacha nikusaidie: kwa yule jamaa wa duka la sinema pale mtaani, ulimpelekea flashi akakujazia kwa shilingi chache. Sikulaumu, hakukuwa na mlango mwingine. Lakini hata mlango ulipofunguliwa, na bei ya bando ilivyo, wengi wetu tulibaki kwa yule jamaa. Kwa vitabu vya Netflix, jiji lililoonyeshwa kwenye kipindi lilikuwa limelala.

Sisemi Nairobi ingeokoa Sense8. Na mapenzi yetu yenyewe yalikuwa na maneno: Capheus wa kwanza, Aml Ameen, ni Muingereza, wa pili, Toby Onwumere, ni Mnigeria aliyekulia Marekani, na lafudhi zao zilituchekesha hadi machozi. Lakini Paul Ogola wetu alipata kazi pale kama Jela, na ukiondoa waigizaji kuna madereva, wapishi, mafundi wa taa na wale wa kupita tu nyuma ya kamera. Kipindi kikikatwa, wewe unakosa hadithi. Hao wanakosa kodi ya nyumba.

Na usidhani ukishaambiwa ndiyo umefika. Queen Sono ya Afrika Kusini iliongezewa msimu wa pili Aprili 2020. Novemba mwaka huo huo ikafutwa, kwa sababu korona ilifanya kurekodi nchi tofauti tofauti kuwa balaa.

Kelele hufaulu lini, basi? Brooklyn Nine-Nine ilikatwa na Fox Mei 10, 2018, NBC ikaichukua siku iliyofuata. Mashabiki walilia, ndio, lakini studio iliyoitengeneza ilikuwa ya jamaa mmoja na NBC, kwa hivyo hesabu iliingia. Mashabiki wa Jericho nao walituma tani za njugu kwa CBS mwaka wa 2007. Wakapewa sehemu saba, na 2008 kipindi kikakatwa tena. Njugu hazilipi bili.

Kwa hivyo kabla hujaanza kumwaga hasira kwa hashitegi ijayo, jiulize kama ulihesabiwa. Kipindi kikikugusa, kimalize wiki zile za kwanza, mahali ambapo mwenye kukilipia anaona. Kama bando haitoshi, changeni na mbogi yako mtazame sebule moja, ni sawa, angalau akaunti moja imesoma.

Country Queen, ile series ya kwanza ya Kenya yenye chapa ya Netflix, ilitoka Julai 2022, sehemu sita tu. Wewe uliitazamia wapi?