Kamera za banda: usimlipe fundi "kufungua poti" kabla ya kupima hili

Ndugu mfugaji, ndugu mwenye duka, siku hizi wengi wenu mmefunga kamera mbili tatu bandani au dukani, pamoja na mashine ya kurekodia. Ukiwa nyumbani unaona kila kitu kwenye simu. Ukienda mnadani au mjini kufuata mzigo, picha hazifunguki, na wezi wa kuku hawasubiri urudi.

Hapo fundi anakuambia: "Tatizo ni poti, lazima nifungue poti kwenye ruta." Unalipa. Haifanyi kazi, au inafanya siku mbili. Anarudi, unalipa tena.

Maoni yangu ni haya: kwa mfugaji au mfanyabiashara wa kijijini, kufungua poti mara nyingi ni kupoteza pesa, na ikifanikiwa ni hatari. Ipo njia nyepesi zaidi.

Kwanza tuelewane. Ruta ni kama mlinzi wa geti. Aliyetumwa kutoka ndani hupita, na jibu lake likirudi hupita pia. Anayebisha hodi kutoka nje bila kuitwa hurudishwa. Kufungua poti ni kumwagiza mlinzi kwamba mgeni akitaja namba fulani, apelekwe moja kwa moja kwenye rekoda. Agizo hilo lina maana iwapo tu mgeni anaweza kufika kwenye geti lako.

Kwa ruta nyingi za laini ya simu, hafiki. Anwani za IP za mtindo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na hazitoshi. Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama kijiji kizima kinavyotumia S.L.P. ya shule. Barua ikija na namba ya sanduku peke yake, hakuna anayejua ni ya nyumba ipi. Fundi anaweza kuhangaika na ruta yako hadi jioni, lakini geti lenyewe liko kwa kampuni, na huko hana ufunguo.

Pima mwenyewe, ni dakika tano. Unganisha simu kwenye WiFi ya nyumbani na uzime data. Fungua ukurasa wa ruta. Anwani yake kwa kawaida imebandikwa chini ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Tafuta palipoandikwa WAN, uandike namba uliyoiona. Kisha ingia kwenye tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP, ulinganishe. Zikitofautiana, uko nyuma ya geti la mwingine. Pia, namba ya WAN ikianza na 10, na 192.168, na 172.16 hadi 172.31, au na 100.64 hadi 100.127, anwani hiyo haifikiki kutoka nje. Kama una ruta mbili, pima ile inayopokea laini.

Namba zikifanana, poti inaweza kufanya kazi. Ikigoma, angalia mambo matatu. Je, umeme ulipokatika na kurudi, rekoda ilipewa anwani nyingine ya ndani? Iwekee anwani isiyobadilika. Je, anwani yako ya nje imebadilika? Nyingi hubadilika. Je, unajaribu ukiwa kwenye WiFi yako mwenyewe? Ruta nyingine hazikubali hivyo; jaribu kwa data ya simu.

Lakini hata ikiwezekana, mimi nisingeifungua. Poti iliyofunguliwa haimjui mwenye nyumba. Zipo programu zinazozunguka mtandaoni mchana na usiku zikibisha kila geti. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi sana kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani, kisha ikazitumia kushambulia mitandao hadi tovuti kubwa Marekani zikazimika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua. Na mwizi anayeona kamera zako anajua pia saa unayotoka.

Fanya hivi badala yake. Rekoda nyingi za sasa zina msimbo wa kuskani na programu yake ya simu. Hapo rekoda ndiyo inayotoka nje kwenda kwenye seva ya mtengenezaji, na simu yako inakutana nayo huko, kwa hiyo huhitaji kufungua chochote. Kasoro yake ni kwamba unamtegemea mtengenezaji, basi badilisha nenosiri la kiwandani siku hiyo hiyo, sasisha programu ya rekoda, na uzime UPnP kwenye ruta, maana hiyo hufungua poti bila kukuuliza. Mwenye kompyuta inayowaka muda wote nyumbani, yenye video na kumbukumbu za biashara, atumie programu kama Tailscale, ambayo huunganisha vifaa vyake mwenyewe tu.

Chunga na bando. Picha ya megabiti 1 kwa sekunde hula takriban MB 450 kwa saa. Ukichagua picha ya ubora wa chini, ya kilobiti 256, ni kama MB 115. Kuhesabu kuku hiyo inatosha.

Fundi akija na habari ya poti, mwambie akuonyeshe kwanza namba ya WAN. Mkishaiona wote wawili, ndipo mzungumze bei.