Mzee wa Shuka na Karani wa Tai

Ndugu zetu wa Bariadi, leo tuna neno nanyi juu ya nguo.

Mkulima hutoka Dutwa alfajiri, shuka begani na katambuga miguuni, akaja mjini kwa haja yake. Ofisini hata “mwangaluka” yake haijibiwi vizuri, huonyeshwa benchi. Akija mwingine nyuma yake mwenye suti na tai, huyo huambiwa, “Karibu mheshimiwa.” Je, nani kawaambia kwamba akili hukaa katika tai?

Binti naye akipita na suruali, amekwisha hukumiwa: mhuni. Bibi kizee wa kaniki hutazamwa kwa jicho baya, na katika Usukuma sote twajua jicho hilo limefika wapi. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa samadi jikoni. Mtu anayesoma uchawi machoni atashindwaje kuusoma katika kaniki?

Wala sisi wazalendo tusijitoe katika kosa hili. Mwaka 1967 serikali yetu wenyewe ilianza kuwashurutisha Wamasai waache rubega wavae suruali, ati ndiyo maendeleo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza vita juu ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ati ndio utamaduni, vita ianze Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Tarehe yenyewe haijafika, makundi ya wanaume yakawavamia wanawake Kariakoo na kuwachania nguo. Basi Mmasai alifukuzwa kuelekea nguo za Kizungu, na dada yetu akafukuzwa kutoka nguo za Kizungu, na wote wawili kwa jina la taifa moja! Leo shuka ile ile ya Kimasai twaipiga picha na kuwauzia watalii.

Kama nguo ni lazima isomwe, basi tuisome mpaka uzi wake. Simiyu ni nchi ya pamba. Watu hupanda Novemba na Desemba, hupalilia, hupiga dawa, huchuma, hubeba mizigo hadi kituoni. Pamba ikishachambuliwa kinuni, sehemu kubwa husafirishwa ng’ambo bila kufumwa, na mkulima huenda gulioni kununua shati la mtumba lililokwisha kuchakazwa na mtu wa Marekani. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutufungia mlango wa soko lake. Tukarudi nyuma, sisi na wenzetu. Rwanda peke yake ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa msamaha wa ushuru huko.

Hiyo ndiyo aibu iliyo katika mavazi yetu, nayo haimo katika shuka ya mzee. Na karani yule, suti yake imefumwa wapi? Twapenda atujibu kabla hajamwonyesha mzee benchi tena.