Mbao isiyo mbao, tusiipige msasa



Juma hili tunazungumza juu ya kitu ambacho nyumba nyingi za Uvira bado zimekifunika kwa kitambaa cha kufuma: ile redio ya zamani ya baba, yenye sahani za muziki na mabafle mawili. Hatuiuzi, wala hatuitupi.

Ya kwetu baba aliinunua Bujumbura, wakati kiwanda cha sukari cha Kiliba kilikuwa bado kinampa mshahara. Mama aliipangusa kila Jumamosi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, tulitoa watoto kwanza, kisha magodoro. Redio ilikuwa juu ya meza, ikapona. Mabafle yalikuwa sakafuni, yakasimama katika maji ya matope mpaka asubuhi. Usiku ule kuna waliopoteza watu wao, kwa hiyo tuliona haya kulilia masanduku. Lakini baba alikuwa amekwisha kufa, na mama hakuomba kitu kingine ila masanduku yale yarudi kuwa mazuri.

Tulipoona yamejikunja na kufifia, tulifanya kama mafundi wanavyofanya kwa viti: tulichukua msasa. Tulisugua kidogo tu, mistari ya mti ikatoweka, chini yake pakatokea unga wa mbao. Mama aliangalia, akaenda jikoni. Hakutugombeza. Ingekuwa afadhali angetugombeza.

Kosa letu lilikuwa hili: hatukuuliza kitu kimetengenezwa kwa nini. Redio nyingi za miaka ya 1970 na 1980 si mbao nzima. Ndani ni vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, na juu ni karatasi au plastiki nyembamba iliyochapwa mistari ya mti. Mbao ya kweli ukiisugua, mistari inaendelea mpaka ndani. Hii ukiisugua, umeondoa picha, na picha hairudi. Kila mlango na ufunguo wake.

Basi, kabla ya kugusa chochote, tuangalie pembeni na nyuma. Kama mistari inakatika ghafla kwenye ukingo, au alama ileile inajirudia mara mbili tatu, hiyo ni ya kuiga. Kisha tufanye hivi:

Kwanza, tutoe waya kwenye umeme. Redio ya zamani ya taa tusiifungue wenyewe. Inaweza kubaki na umeme ndani hata baada ya kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Pili, tusafishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha tukaushe mara moja. Tusitumie petroli wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Petroli inaweza kuwasha nyumba, na dawa ile inaweza kuyeyusha plastiki.

Tatu, palipobanduka, tutumie gundi ya fundi viatu. Tupake nyembamba pande zote mbili, tungoje mpaka isinate tena kwenye kidole, kisha tubandike polepole kutoka ndani kwenda ukingoni. Tufungie mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, tuache mpaka kesho. Kazi hii ifanyiwe nje, watoto wakiwa mbali, maana harufu yake ni mbaya kwa kifua.

Nne, palipovimba kwa maji hapatarudi kama zamani. Tukaushe kivulini siku nyingi, si juani. Unga unaomwagika tuukwangue, pengo tulijaze kwa unga wa mbao uliochanganywa na kola nyeupe. Likikauka, tunasawazisha hapo peke yake.

Tano, mikwaruzo inafichwa kwa kiwi ya viatu ya rangi ya kahawia, kidogo sana, kisha tunapangusa. Mahali pasipotazamwa tujaribu kwanza.

Kama ngozi imekufa kabisa, tunaweza kuweka karatasi ya kubandika yenye mistari ya mti, au hata kitenge kilichonyooshwa vizuri. Lakini matundu ya nyuma tusiyazibe. Redio inapata joto, na joto lisipotoka, linaunguza.

Kwa kazi hii hatuhitaji vernisi ya bei kubwa, wala hatuhitaji mwanaume aje kutuanzishia. Gundi kidogo, kiwi, tyubu mbovu na uvumilivu vinatosha.

Ya kwetu imemalizika. Haikuwa mpya. Bafle moja linasema, la pili limenyamaza tangu maji yale, na mama amekataa tuliondoe. Ubavu ule tuliouharibu kwa msasa tuliugeuzia ukuta. Jumamosi, mama anapopangusa, analivuta bafle, anaupangusa ubavu ule pia, kisha analirudisha.

Mwenye sanduku lililobanduka nyumbani alilete kwenye mkutano ujao, pamoja na tyubu ya zamani. Tutaanza na kuangalia ukingo.